Nachora sura kwa penseli, ngozi inatoka ya kijivu na watu wanasema "anafanana ila sio yeye"

Sekela_Uyole:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, kazi yangu ni duka la dawa ila jioni nikishafunga nachora. Nachora sura za watu kwa penseli tu, rangi sina na kwa sasa sizitaki. Sijasomea popote, nimejifunza kwa kuangalia video na kurudiarudia mpaka mkono umeanza kutii. Sasa hivi namchora bibi yangu mzaa baba, yupo Tukuyu mzima wa afya kabisa, nataka Krismasi nimpelekee ikiwa ndani ya fremu.

Shida yangu ya kwanza ni ngozi. Bibi ni mweusi hasa, weusi ule wa kung'aa akishapaka mafuta, mimi nikimchora anatoka wa kijivu kama mtu aliyepakwa majivu, basi nikikandamiza penseli ya 6B ili weusi uje ndo karatasi inaanza kung'aa, ukiisogeza kwenye taa shavu zima linawaka, na ukiipiga picha kwa simu pale nilipotia giza sana ndo panaonekana peupe. Af kuna hii ya kufanana. Jicho ukiliangalia peke yake ni lake, pua ni yake, mdomo ni wake, ila sura nzima kila mtu ananiambia "anafanana na bibi yako ila sio yeye", dada yangu yeye alidhani nimemchora shangazi. Na mikunjo ya uso nayo inatoka mistari mistari tu, haionekani iko kwenye ngozi.

Natumia HB ya kawaida ya shule, 2B na 6B, raba nyeupe, karatasi ya rim A4 na tishu ya kulainishia. Picha ninayoangalizia alipigwa kwenye harusi usiku kwa simu, na flashi, nikatumiwa WhatsApp.

Anayechora sura za watu naomba anielekeze, hata ukiniambia nianze upya nitaanza upya.

---

Mwanjelwa_Boy:

Dada hapo tatizo penseli, 6B haitoshi kwa mtu mweusi. Tafuta 8B, jaza, halafu sugua na tishu mpaka iwe laini kabisa. Mi ndo ninavyofanya na watu wanazipenda. Kuhusu kufanana zoea tu, chora kila siku. Ila usije ukatumia gridi (ile miraba ya kunakilia picha), gridi ni kudesa, jicho lako halitakaa lijifunze.

---

Kihesa_Kivuli:

Kamwene dada Sekela. Nipo Iringa, Kihesa, na kuchora sura ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote nikitoka kazini kwa hiyo nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kabla hujagusa penseli shughulika na picha kwanza. Picha ya usiku yenye flashi humtoi bibi humo hata uwe na penseli za dunia nzima. Flashi ya simu inatokea palepale ilipo lensi, kwa hiyo inapiga uso kwa mbele na kufuta vivuli vyote, na sura ya mtu tunaijua kwa vivuli. Kuna kivuli cha kwenye bonde la jicho, kile cha pembeni ya pua, kile kidogo chini ya mdomo wa chini, kile kirefu cha chini ya taya. Hivyo vikishaondoka unabaki na mistari ya macho na pua imekaa kwenye uso bapa, sasa wewe utaujazaje? Unajaza kwa kubahatisha, na ukibahatisha unachora sura ya mtu yeyote wa umri ule wa ukoo ule, ndo maana dada yako akamuona shangazi.

Nenda Tukuyu. Mkalishe bibi karibu na dirisha au mlangoni asubuhi, taa ya ndani zimeni, mwanga umpige upande mmoja ili nusu ya uso iwe angavu na nusu iingie kivulini. Simama mbali naye kama mita mbili ndo uvute kwa zumu, usimsogezee simu usoni, maana simu ikiwa karibu pua inakuwa kubwa kuliko ilivyo na masikio yanarudi nyuma. Wengi wanaosema "sio yeye" wamechora sawasawa kabisa, ila picha yenyewe ilishampotosha mtu kabla ya mchoraji hajaanza. Na akipiga mtu mwingine akutumie kama dokumenti, WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inabana mpaka vinyweleo vya nyusi vinaungana vinakuwa doa moja.

Sasa mng'ao. Kilichomo ndani ya penseli ni kinywe (grafiti), madini haya haya yaliyopo Mahenge kule Ulanga, kimechanganywa na udongo wa mfinyanzi kikachomwa. Mchanganyiko huo alianza nao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795 na hadi leo penseli zinakwenda hivyo, udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu ndo hizo za H, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi ndo za B. Kinywe chenyewe kimejengeka kwa vipande bapa vidogo sana, ukikandamiza vinalala vyote kifudifudi na kurudisha mwanga. Kwa hiyo kaka wa Mwanjelwa nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe, 8B ukiikandamiza itawaka vilevile, ukifika mwisho wa kinywe umefika, kinachoongezeka kuanzia hapo ni mng'ao tu.

Dada, chukua muda umuangalie mtu mweusi aliyekaa dirishani. Angalia paji la uso, mgongo wa pua, mfupa wa shavu, na pale juu kidogo ya mdomo wa juu. Pana mwanga mkali pale, karibu na weupe wa karatasi, mkali kuliko utakaouona kwenye ngozi ya maji ya kunde, kwa sababu ngozi nyeusi yenye mafuta inarudisha mwanga wa dirisha wazi wazi. Na mwanga huo unaisha haraka, unashuka kwenda kwenye weusi wa kati kwa umbali mdogo sana. Weusi wa bibi unaonekana hapo, kwenye huo mteremko. Wewe unachofanya ni kujaza shavu lote kijivu kimoja ukitafuta weusi, unakuwa umezika mwanga, na mwanga ukizikwa ngozi inakufa. Ndo majivu unayoyasema.

Mimi naanza na sehemu nyeusi kuliko zote, nazitia mapema kabisa hata kabla ya ngozi: mboni, matundu ya pua, ule mstari midomo inapokutana, kivuli kinapoingia chini ya kitambaa cha kichwa. Basi. Hizo zikishakaa najua mwisho wa giza uko wapi na ngozi yote naipima kwa hizo, hakuna sehemu ya shavu inayoruhusiwa kufikia weusi wa tundu la pua. Utashangaa shavu linahitaji penseli kidogo kiasi gani ili lionekane jeusi. Na usimuache bibi kwenye karatasi nyeupe tupu, tia kivuli cha kijivu nyuma yake hasa ule upande wa uso wenye mwanga, jicho linasoma weusi kwa kulinganisha na kilicho jirani.

Ngozi jenga kwa tabaka. 2H au HB kwanza, miduara midogo midogo mkono mwepesi mpaka karatasi nzima ya uso ifunikwe isipokuwa zile sehemu za mwanga, halafu HB tena, halafu 2B, halafu 4B pale panapoingia kivulini. Chonga kwa wembe badala ya kichongeo, toa ncha ndefu, ncha ndefu inaingia kwenye vishimo vya karatasi ile butu inapita juu juu na kuacha vidoti vyeupe, na hivyo vidoti navyo vinachangia kijivu.

Kwa zile sehemu chache nyeusi kabisa tafuta penseli ya makaa au zile za kaboni zisizong'aa. Staedtler wanayo inaitwa Mars Lumograph Black, Faber-Castell wanazo za kinywe kisichong'aa zinaitwa Pitt Graphite Matt. Angalizo moja tu, makaa hayashiki juu ya kinywe kilichokandamizwa, yanateleza, kwa hiyo pale unapojua patakuwa na makaa usipitishe penseli ya kawaida kabla.

---

Mwanjelwa_Boy:

Kaka nimekuelewa kuhusu mng'ao sikuwa najua kinalala hivyo. Ila tishu sijaona ukiisema, kwani tishu ina shida gani? Bila tishu ngozi inakuwa na mikwaruzo.

---

Kihesa_Kivuli:

Tishu haina shida ikija mapema, tabaka la kwanza la HB ukilipitishia tishu unapata msingi mzuri, nami natumia. Ubaya unakuja mtu akimaliza uso wote ndo anasugua. Unachukua giza la bonde la jicho unalipeleka kwenye mfupa wa shavu, unachukua mwanga wa pua unauzima, uso mzima unarudi kijivu kimoja. Na ngozi ya binadamu sio laini namna ile, bibi wa Tukuyu aliyelima chai na viazi ngozi yake ina vinyweleo na vitundu, ukimsugua anakuwa sanamu la dukani. Baada ya tishu rudi na penseli yenye ncha uweke tabaka juu yake usiguse tena.

Kidole ndo usikitumie kabisa, kina mafuta, yale mafuta yanaingia kwenye karatasi na pale penseli haitakaa sawa tena. Weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote unaochora.

---

TichaNjombe:

Habari za jukwaani. Dada Sekela hongera sana kwa kazi hiyo. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Njombe na jioni nakaa na vijana wachache tunachora, naomba niingie kwenye hili la kufanana kwa sababu ndiko ninakoona watu wengi wanakata tamaa na kuacha.

Umesema kila kiungo ukikiangalia peke yake ni chake. Nakuamini. Ina maana tatizo halipo kwenye viungo, lipo katikati ya viungo, kwenye nafasi. Sisi tunamtambua mtu kwa mbali hata kabla hatujaliona jicho lake vizuri, unamjua mtu anakuja barabarani toka Makambako huko hata macho hujayaona, kwa sababu umeshakariri umbali wa vitu vilivyo usoni mwake na umbo la kichwa. Jicho zuri likikaa milimita mbili nje ya mahali pake umeshachora ndugu yake.

Vipimo wanavyofundisha ni hivi, macho yapo katikati ya kichwa kutoka utosini hadi kidevuni (wanaoanza wote huyaweka juu mno kwa sababu wanasahau fuvu), upana wa kichwa unaingia macho matano, kati ya jicho na jicho panatosha jicho moja, sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia chini ya pua, pembe za mdomo zinashuka kutoka kwenye mboni. Vijue, lakini vitumie kama rula ya kuonea tofauti. Swali la kujiuliza ni bibi ametofautiana wapi na hivyo vipimo, kwa sababu pale alipotofautiana ndipo alipo yeye. Na vingi vya vipimo hivyo vilitoka kwa wachoraji wa Ulaya wakipima watu wao, upana wa pua na ujazo wa midomo yetu mara nyingi haumo humo, ukivifuata kibubusa utajikuta unambana bibi pua bila kujua.

Pima pembetatu. Kona ya nje ya jicho la kushoto, kona ya nje ya jicho la kulia, mpaka katikati ya mdomo wa chini. Pima kwenye picha, pima kwenye mchoro wako, linganisha. Halafu pembetatu nyingine ya pembe za mdomo hadi kidevu. Watu wazima ambao meno yamepungua, ile ya chini inafupika sana, kidevu kinapanda kuelekea pua, na mchoraji kwa mazoea anarudisha kidevu mahali pa kijana. Nina hisia bibi yako umempa taya ya shangazi.

Na hili la gridi, kaka wa Mwanjelwa, naomba nipingane nawe kwa heshima zote. Gridi ni ya zamani sana, kuna michoro ya Mjerumani Albrecht Dürer iliyochapishwa karne ya 16 inamwonyesha mchoraji akimtazama mtu kupitia fremu yenye miraba, na Dürer hakuna anayesema jicho lake halikujifunza. Gridi inakupa mahali pa kuweka vitu, haikupi kivuli wala haikupi ngozi. Vijana wangu nawaanzisha na miraba midogo, baadaye mikubwa, baadaye msalaba mmoja tu katikati ya uso, mwisho wanajikuta hawaihitaji.

Dada, ukitumia gridi angalia hesabu yake. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiichorea miraba ya sentimita 1 na karatasi ukaichorea ya sentimita 2, mchoro unakuwa 20 kwa 30. A4 ni 21 kwa 29.7, yaani urefu umekukatalia, ndo pale watu wanamaliza kichwa wanakuta kidevu hakina nafasi wanakibana. Chukua A3. Miraba ichore kwa HB mkono mwepesi kabisa, ukikandamiza inaacha mfereji na raba haifuti mfereji.

Jingine, geuza picha na mchoro vyote juu chini, viangalie hivyo. Ukiona jicho limegeuzwa akili haisemi tena "jicho", inaona umbo tu, makosa yanajitokeza yenyewe. Au uangalie mchoro kwenye kioo.

---

dada_wa_mafinga:

Karatasi wakuu hamjaigusa na ndo tatizo nusu. Rim ni gramu 80, nyembamba na inateleza sana, tabaka la tatu haliingii, dada atajenga tabaka wapi. Tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 kwenda juu, ukikosa chukua manila nyeupe isiyong'aa, ipapase kwanza kwa kidole pembeni, ikiteleza acha, ikikwaruza kidogo chukua.

Na mimi nina wazo lingine kwa huyo bibi. Huku Mufindi tuna kiwanda cha karatasi Mgololo, kinatoa karatasi ya kaki ile ngumu ya mifuko. Nimechora watu kwenye kaki na jamani ngozi yetu inakaa pale vizuri ajabu, kwa sababu kahawia ya karatasi yenyewe inakuwa ndo ngozi ya kati, unatia penseli kwenye giza na penseli nyeupe kwenye mwanga, vya katikati unaviacha karatasi ivibebe. Kazi inakuwa nusu na mtu anatoka hai. Jambo la kujua ni kwamba kaki haijasafishwa, baada ya miaka inazidi kuwa nyeusi na kukauka hasa ikikaa juani, kwa hiyo ni nzuri kwa mazoezi. Ya kumpelekea bibi aitundike ukutani tafuta karatasi ya kuchorea yenye rangi ya kahawia au kijivu.

Iringa mjini pale Neema Crafts kulikuwa na karatasi za kinyesi cha tembo, nazipenda sana kwa kadi, ila kwa ngozi ya uso nyuzi zake zinashika penseli ovyo usihangaike.

---

Sekela_Uyole:

Jamani asanteni mno, nimesoma yote mara mbili mbili. Ticha umenifungua macho, nimepima ile pembetatu ya chini sasa hivi na kweli kidevu nimekishusha, shangazi ndo huyo alikotokea.

Jumapili naenda Tukuyu kupiga picha upya, bibi ana veranda yenye mwanga wa upande mmoja tu nadhani itafaa. Karatasi ya A3 nitatafuta pale Kabwe hapa Mbeya, nikikosa nitaagiza.

Maswali yangu yaliyobaki ni mikunjo, na nywele, bibi anafunga kitambaa lakini mbele zinatokeza nywele nyeupe chache na ana mvi kwenye nyusi, nyeupe juu ya ngozi nyeusi nazitoaje kwa penseli? Nimejaribu kuzifuta kwa raba zinatoka nene. Na kitambaa chenyewe ni kitenge kina maua, nichore maua yote?

---

Kihesa_Kivuli:

Nywele nyeupe ndo kitu kinachonipa raha kuliko vyote kwenye wazee. Chukua kalamu ya wino iliyokwisha wino, au sindano butu ya kufumia, kabla hujatia penseli yoyote pale. Kandamiza unywele mmoja mmoja kwenye karatasi tupu, kwa mwelekeo unaoota, unaacha mfereji mwembamba ambao hauonekani. Halafu pitisha 2B juu kwa ubapa. Penseli inaruka mfereji, unywele unabaki mweupe na mwembamba kuliko raba yoyote. Jaribu pembeni kwanza ujue nguvu ya mkono, na uwe umeshaamua kila unywele unapita wapi kwa sababu ukishakandamiza haurudi. Nyusi za mvi changanya, mwingine wa mfereji mwingine wa penseli, zikiwa nyeupe zote zinakuwa kama bandia.

Raba nayo unaweza kuichonga, kata kona kwa wembe upate ukingo mkali. Au tafuta raba ile ya kukanda, unaibana inakuwa ncha, unagusa tu na kuinua, haisuguliwi. Kama huipati, ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani inafanya kazi hiyohiyo.

Mikunjo. Usichore mstari. Kunja shuka la kitandani uliangalie dirishani, kila mkunjo una upande uliogeukia mwanga na upande uliogeukia giza, mkunjo wa ngozi nao uko hivyo. Kwa hiyo kila mkunjo wa bibi una vitu viwili, giza laini la bonde, na ukingo angavu unaokimbia sambamba nalo upande wa pili. Bila huo ukingo angavu ndo unapata mikwaruzo uliyoisema. Na giza lenyewe halifanani urefu wote, linaanza hafifu, linazidi katikati, linapotea. Chagua pia. Mikunjo ya pembeni ya macho anapocheka na ile mikubwa kutoka puani kwenda mdomoni itie kwa uangalifu, ile midogo ya shavuni idokeze tu, ukiichora yote kwa nguvu sawa unamuongezea bibi miaka asiyokuwa nayo.

Kwenye macho naomba ukumbuke kwamba weupe wa jicho sio mweupe, wa mzee ndo kabisa, una kijivu na juu yake kuna kivuli cha kope, kope la juu linaangusha kivuli kwenye jicho. Weupe wa karatasi uache sehemu moja tu, kale kanukta ka mwanga kwenye mboni, na kakae upande uleule wa dirisha macho yote mawili. Mdomo wa juu unakuwa mweusi kuliko wa chini kwa kuwa umeinamia chini, wa chini unapokea mwanga. Meno yasiwe meupe.

Kitenge chora maua yaliyo karibu na uso, yafuate mikunjo ya kitambaa, yanavunjika pale kitambaa kinapokunjwa. Kadiri unavyoenda mbali na uso yaache yafifie. Mtu aangalie macho ya bibi, maua yatajitengeneza yenyewe.

Ukipata muda tafuta kazi za Kelvin Okafor, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria, kwa penseli anachora ngozi nyeusi utalia. Vuta picha karibu uangalie shavu tu, shavu moja, uone sehemu nyeusi kweli zilivyo chache.

---

Mwanjelwa_Boy:

Hiyo ya kalamu iliyokwisha wino nimeijaribu sasa hivi kwenye karatasi ya rim. Imetoka!! Ndevu za mvi nilikuwa naziacha nafasi moja moja mpaka nachoka. Sekela ukienda Kabwe na mimi niambie, naweza kukuonyesha steshenari yenye 4B za moja moja bila kununua boksi zima.

---

Sekela_Uyole:

Sawa kaka nitakutafuta inboksi. La mwisho wakuu, ikishaisha naisafirishaje? Tukuyu mvua haikauki, na mdogo wangu aliyeko Dar naye ameshaanza kuniambia anataka ya kwake nimtumie kwa basi.

---

dada_wa_mafinga:

Usiikunje kuwa bomba, ukiikunja tabaka za kinywe zinasuguana na ukiikunjua A3 haikai bapa tena. Chukua makatoni mawili makubwa kuliko karatasi kwa kila upande, mchoro uweke katikati, juu yake lala karatasi safi ya rim ambayo haisogei, ibandike kwa utepe wa gundi wa karatasi kwenye katoni na sio kwenye mchoro, ikisogea njiani kutoka Mbeya mpaka Dar itakuwa imesugua uso wote. Funga nailoni nje, mbili, kwa mvua. Mwambie kondakta isimamishwe pembeni ya siti isiwekwe chini ya mizigo.

Dawa ya kupuliza nywele watu wanaitumia kushikiza penseli, mimi siipendi, inaweza kugeuka manjano na ikitoka matone inaacha madoa. Ile ya wachoraji ndo sahihi, ya mati yaani isiyong'aa, inapunguza na mng'ao kidogo. Pulizia nje penye hewa, ukiwa mbali kama sentimita 30, nyepesi, subiri ikauke, rudia. Na uwe umemaliza kabisa kwa sababu baada ya hapo raba haifuti vizuri.

Ya bibi mwambie fundi fremu aweke ukingo wa kadibodi kati ya mchoro na kioo, kioo kisiguse karatasi. Kwa hali ya hewa ya huko Tukuyu, Rungwe, unyevu unaingia, karatasi inajikunja inagusa kioo, na kinywe kinahamia kwenye kioo. Nyuma azibe na utepe wa gundi wa karatasi pande zote nne, na asitundike ukuta wa nje ule unaopigwa na mvua.